Kuhamishia Faili za Zamani Kwenye Jukwaa la Uandishi wa Nyaraka: Mwongozo Kamili

Kitufe cha kuingiza faili ndicho kipande rahisi kuliko vyote. Unachagua faili, unasubiri sekunde chache, hati inatokea kwenye skrini. Kisha unaanza kuisoma. Vichwa vya sura vimegeuka aya za kawaida zenye herufi nene. Orodha yenye namba inaanza na 1 kila mstari. Jedwali limevurugika, picha kadhaa hazipo, na kila palipokuwa na ritifaa pameota vialama kama â€™. Hapo wengi hulilaumu jukwaa, ilhali mara nyingi jukwaa limefanya kazi yake sawasawa: limesoma kilichoandikwa ndani ya faili, na kilichoandikwa humo sicho jicho lilichokuwa likikiona.

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Ubora wa uhamishaji huamuliwa kwenye faili ya asili, kabla kitufe hakijabonyezwa. Iwe unahamia Google Docs, Confluence, Notion, Overleaf au mfumo wa ndani wa taasisi yako, majina ya vitufe yatatofautiana lakini kazi ni ileile.

## Jua kwanza faili imebeba nini

Faili ya .docx, ambayo ndiyo fomati ya kawaida ya Word tangu toleo la 2007, kwa hakika ni furushi la ZIP lenye faili ndogondogo za XML, yaani maandishi yenye lebo zinazoeleza muundo. Fanya jaribio: chukua nakala ya hati yoyote, badilisha mwisho wa jina lake kutoka .docx iwe .zip, kisha uifungue. Utakuta folda iitwayo `word`. Maandishi yako katika `document.xml`, mitindo katika `styles.xml`, tanbihi katika `footnotes.xml`, maoni ya wasomaji katika `comments.xml`, na picha zote zimewekwa katika folda ya `media`. Chungulia humo hata mara moja tu. Ukishaona, hutashangaa tena kwa nini jambo fulani limehama na jingine limebaki.

Jukwaa linapoingiza hati husoma XML hiyo. Likikuta aya iliyowekewa mtindo wa kichwa cha ngazi ya kwanza, linaunda kichwa. Likikuta aya ya kawaida ambayo mwandishi ameinenepesha na kuipa ukubwa wa 16, linaunda aya ya kawaida yenye herufi nene, na majukwaa mengi huutupa hata huo ukubwa. Halina namna ya kujua kwamba ulikusudia kichwa.

Faili za .odt za LibreOffice zimefungwa kwa namna hiyohiyo ya furushi. Faili za .doc ni za zama za kabla ya 2007, hazina XML hiyo, na majukwaa mengi ya leo huzikataa au huzisoma nusunusu. HTML, lugha ya kurasa za wavuti, na Markdown, namna ya kuandika kwa alama nyepesi ambayo John Gruber aliitoa mwaka 2004, hueleza muundo waziwazi: hiki ni kichwa, hii ni orodha, hiki ni kiungo. Ndiyo maana huhama kwa amani kuliko zote.

PDF ni jambo la peke yake. Adobe iliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Lakini faili ya PDF hurekodi herufi ikae wapi kwenye ukurasa. Haina lazima ya kujua aya inaanzia wapi, wala kwamba namba iliyo chini ni ya ukurasa na si sehemu ya sentensi. Zipo PDF zilizowekewa lebo za muundo, na hizo zina afadhali, nyingi hazina. Kwa hiyo kanuni ni moja: ukiwa na .docx na PDF ya hati ileile, hamisha .docx. Ukiwa na PDF peke yake, tafuta asili yake kwanza. Muulize aliyeiandika, pekua viambatisho vya barua pepe za zamani. Saa moja ya kutafuta ina faida kuliko siku nzima ya kusafisha.

## Hatua ya 1: Orodhesha kila kitu, kisha uamue

Usianze kupakia kabla hujawa na orodha. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda husika uandike:

`dir /s /b > orodha.txt`

Kwenye Linux au macOS:

`find . -type f > orodha.txt`

Orodha hiyo iweke kwenye lahajedwali, uongeze safu za fomati, mwenye hati, tarehe ya mwisho ya kuhaririwa, uamuzi, na hali. Safu ya uamuzi ndiyo ya maana kuliko zote. Kila faili ipewe neno moja: hamisha, unganisha, hifadhi, au futa. "Hifadhi" maana yake inabaki ilipo kwa ajili ya kumbukumbu, haiingii jukwaani. Kuwa mkali hapa. Folda ya miaka mingi imejaa rasimu zilizokufa, matangazo ya mikutano iliyokwisha, na hati ileile yenye majina `mwisho`, `mwisho2` na `mwisho_kabisa`. Ukizihamisha zote umehamisha vurugu, na sasa vurugu hiyo itatokea kwenye matokeo ya utafutaji ya kila mtu.

Kugundua nakala zinazofanana kabisa, amri ya `sha256sum` kwenye Linux hutoa alama ya utambulisho ya kila faili. Alama zikilingana, yaliyomo ni yaleyale. Angalizo: hati mbili za .docx zinaweza kuwa na maandishi yaleyale neno kwa neno lakini alama zikatofautiana, kwa sababu Word huandika ndani ya faili taarifa za lini na nani ameihifadhi. Kwa hizo tumia kipengele cha Word cha kulinganisha hati mbili, kitakachokuonyesha tofauti halisi.

## Hatua ya 2: Linda asili, rekebisha majina

Tengeneza nakala rudufu ya folda nzima na uiweke mahali pengine kabisa. Kisha tengeneza nakala ya pili ya kufanyia kazi. Faili za asili zifungwe zisomeke tu. Usafishaji wote utakaofuata ufanyike kwenye nakala ya kazi.

Majina ya faili yarekebishwe sasa, kwa kuwa baadaye yatageuka vichwa vya kurasa au sehemu za anwani za viungo. Windows inakataza alama hizi: `\ / : * ? " < > |`. Nafasi ndani ya jina huruhusiwa lakini hugeuka `%20` kwenye anwani na kuleta usumbufu, tumia kistari. Tumia herufi ndogo tupu. Windows haitofautishi `Picha1.PNG` na `picha1.png`, Linux inatofautisha, na seva nyingi za majukwaa zinaendeshwa kwa Linux. Hili huwasumbua sana wanaohamishia miradi ya LaTeX (mfumo wa kupanga hati kwa amri za maandishi) kwenye Overleaf: picha iliyokuwa ikionekana vizuri kwenye kompyuta ya nyumbani inadaiwa haipo, kumbe tofauti ni herufi kubwa moja. Njia kamili za folda zinazoanza na `C:\` nazo hazitafanya kazi huko. Andika njia zinazoanzia ndani ya mradi.

## Hatua ya 3: Jaribu na faili mbaya kuliko zote

Watu hujaribu jukwaa kwa hati fupi iliyonyooka, wanafurahi, kisha wanapakia mia mbili kwa mpigo. Wewe fanya kinyume. Chagua faili chache zenye kila aina ya shida: yenye majedwali yenye seli zilizounganishwa, yenye tanbihi nyingi, yenye picha zinazoelea pembeni ya maandishi, yenye milinganyo ya hisabati. Ziingize kwenye sehemu ya majaribio jinsi zilivyo, bila kuzisafisha.

Naliweka jaribio kabla ya usafishaji kwa makusudi. Kila jukwaa lina udhaifu wake. Moja hupokea tanbihi bila shida na kuharibu orodha. Jingine huhifadhi orodha na kutupa tanbihi zote kimyakimya. Ukijua hili lako linavunja nini, utasafisha kinachohitaji kusafishwa peke yake. Weka hati ya asili upande mmoja wa skrini na matokeo upande wa pili, uandike kila tofauti. Karatasi hiyo ndiyo itakayoongoza hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Safisha faili ya asili

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo usiharakishe.

Vichwa. Fungua kidirisha cha urambazaji cha Word. Vichwa halisi vinaonekana humo kama mti. Kidirisha kikiwa kitupu ilhali hati ina sura kumi, basi vichwa vyote ni vya bandia. Bofya kimoja, tumia amri ya kuchagua maandishi yote yenye mwonekano unaofanana, kisha bonyeza `Ctrl+Alt+1` kwa kichwa cha ngazi ya kwanza, `Ctrl+Alt+2` kwa cha pili, na kuendelea. Kwa amri chache hati nzima inapata mifupa. Usiruke ngazi: chini ya ngazi ya kwanza ifuate ya pili, wala usichague ngazi ya nne kwa sababu tu rangi yake imekupendeza. Namba zilizochapwa kwa mkono, kama "3.2" mbele ya kichwa, ziondoe endapo jukwaa huweka namba lenyewe, la sivyo utapata "3.2 3.2 Malipo".

Aya na nafasi. Waandishi wengi hubonyeza kitufe cha Enter mara mbili ili kupata pengo kati ya aya, na hubonyeza tabo mara nne ili kusogeza neno. Jukwaa litazihesabu hizo kuwa aya tupu na alama za ajabu. Katika kisanduku cha kutafuta na kubadilisha cha Word, alama `^p` ni mwisho wa aya. Tafuta `^p^p`, weka `^p`, urudie mpaka Word iseme hakuna kilichobaki. `^l` ni mkato wa mstari ndani ya aya, `^t` ni tabo, `^m` ni mkato wa ukurasa uliowekwa kwa mkono, na `^s` ni nafasi isiyokatika. Mikato ya ukurasa iondoe yote, maana jukwaa la mtandaoni halina kurasa za karatasi.

Orodha. Orodha iliyochapwa kwa kuandika "1." kisha nafasi si orodha. Itengeneze upya kwa kitufe cha orodha. Angalia hasa hatua zenye picha au maelezo katikati: maelezo yawe ndani ya kipengele chenyewe, vinginevyo hesabu itakatika na kuanza tena na 1.

Majedwali. Jiulize kwanza kama ni jedwali kweli. Majedwali mengi katika hati za zamani yametumika kupanga ukurasa: picha kushoto, maandishi kulia, mistari imefichwa. Hayo yavunje yawe aya za kawaida. Kwa majedwali ya kweli, tenganisha seli zilizounganishwa kadiri inavyowezekana na uhakikishe safu mlalo ya kwanza ndiyo yenye majina ya safu. Kama jukwaa lako linatumia Markdown jambo hili halina mjadala, kwani majedwali ya kawaida ya Markdown hayana kabisa dhana ya kuunganisha seli. Jedwali kubwa la takwimu linaweza kuwa na maisha bora kama lahajedwali iliyoambatishwa kuliko kubanwa kwenye ukurasa.

Picha. Mambo manne. Kwanza, picha zinazoelea zibadilishe zikae sambamba na maandishi, kila moja kwenye aya yake. Pili, tafuta picha za EMF na WMF, ambazo ni fomati za Windows, vivinjari havizionyeshi. Zihifadhi upya kama PNG au SVG. Tatu, angalia picha zilizounganishwa kwa kiungo badala ya kuwekwa ndani ya hati: kwenye kompyuta ya mwandishi zinaonekana, kwingine kote hazipo. Nne, na hili ni la usalama: ukikata kingo za picha ndani ya Word, sehemu uliyoikata inabaki imefichwa ndani ya faili mpaka uagize ifutwe. Picha ya skrini iliyokatwa ili kuficha jina la mteja inaweza kuingia jukwaani ikiwa kamili. Tumia amri ya kubana picha na uchague kufuta sehemu zilizokatwa. Ukiwa hapohapo, andika maelezo mbadala ya kila picha kwa ajili ya wasomaji wasioona.

Visanduku vya maandishi. Onyo, kidokezo au nukuu iliyowekwa ndani ya kisanduku kinachoelea iko hatarini kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu vigeuzi vingi (programu za kugeuza fomati) huviruka bila kutoa ujumbe wowote. Kata maandishi yaliyomo, yabandike kama aya ya kawaida mahali yanapostahili. Nimeona maonyo ya usalama wa mashine yakipotea namna hii katika hati ambayo kila mtu alidhani imehama salama. Vichwa na vijachini vya ukurasa (maandishi yanayojirudia juu na chini ya kila ukurasa) navyo havitahama. Kama humo mna namba ya toleo au tarehe ya kuidhinishwa, ihamishie mwanzoni mwa hati.

Milinganyo. Milinganyo ya Word ya kisasa hugeuzwa vizuri na vigeuzi vingi. Ile iliyoandikwa kwa kihariri cha zamani cha milinganyo, ambacho Microsoft ilikiondoa Januari 2018 kwa sababu za kiusalama, huhama kama picha tu. Michache iandike upya kwa mkono. Mingi, pangia muda wake maalumu.

Mabadiliko yaliyofuatiliwa na maoni. Kubali au kataa kila badiliko, moja baada ya jingine, na mwenye hati awepo. Kigeuzi kitakachokuta mabadiliko hayajaamuliwa kitaamua chenyewe. Kigeuzi cha Pandoc, kwa mfano, kisipoelekezwa vingine, huyakubali yote na kuyaacha maoni. Je, ile sentensi aliyopendekeza mtu kuifuta ilikuwa imekubaliwa? Programu haijui. Baada ya hapo endesha kikaguzi cha hati cha Word ili kuondoa majina, maoni yaliyojificha na taarifa nyingine zisizotakiwa, hasa kama jukwaa linasomwa na watu wengi kuliko folda ya awali.

Sehemu zinazojijaza. Orodha ya yaliyomo iliyotengenezwa na Word ifute, jukwaa litatengeneza yake. Marejeo ya ndani kama "tazama Jedwali la 4" ni sehemu zinazojijaza; ukibonyeza `Ctrl+A` kisha `Ctrl+Shift+F9` hugeuka maandishi ya kawaida. Lakini tahadhari: amri hiyo huvigeuza na viungo vya mtandao kuwa maandishi matupu. Kama hati ina viungo vingi, chagua marejeo peke yake.

## Hatua ya 5: Geuza fomati ngumu

Faili za .doc zigeuze zote kwa pamoja kwa LibreOffice, ukiwa umefunga madirisha yake mengine:

`soffice --headless --convert-to docx --outdir mpya *.doc`

Zifungue kadhaa uone kama zimetoka vizuri, kisha zirudishe kwenye hatua ya 4.

Jukwaa likipokea Markdown au HTML, Pandoc ndiyo zana ya kwanza kuifikiria. Ni programu huria iliyoanzishwa na John MacFarlane, na inasoma na kuandika fomati nyingi mno:

`pandoc hati.docx -t gfm --wrap=none --extract-media=picha -o hati.md`

Kipande cha `--extract-media` hutoa picha zote na kuziweka kwenye folda, na `--wrap=none` huzuia mistari kukatwa katikati ya aya. Pandoc haisomi PDF, kwa hiyo usihangaike kuijaribu huko.

Kwa PDF, jaribu kwanza kuchagua sentensi kwa kipanya. Ikichagulika, maandishi yamo. Amri ya `pdftotext -layout hati.pdf` itayatoa, au ifungue kwa Word uihifadhi kama .docx. Kilichobaki ni kuunganisha mistari iliyokatika, kuondoa namba za kurasa zilizoingia katikati ya sentensi, na kuunganisha maneno yaliyogawanywa kwa kistari mwishoni mwa mstari. Isipochagulika, umeshika picha ya karatasi. Hapo unahitaji utambuzi wa herufi. Tesseract, injini huria iliyozaliwa katika maabara za Hewlett-Packard na kuachiwa umma mwaka 2005, ina data ya Kiswahili kwa alama ya `swa`, na programu ya ocrmypdf huitumia hivi:

`ocrmypdf -l swa skani.pdf tokeo.pdf`

Skani iwe ya nukta 300 kwa inchi, imenyooka, haina vivuli. Hata hivyo soma kila tarakimu ukiilinganisha na karatasi. Sifuri hugeuka O, herufi l hugeuka 1, na r na n zilizokaribiana hugeuka m. Neno lililokosewa msomaji ataling'amua. Kiasi cha dawa au cha fedha kilichokosewa hatakijua.

Sasa zile herufi za ajabu, ambazo watu huzitibu kwa dawa isiyo yake. Kuna magonjwa mawili tofauti. Ukiona â€™ mahali pa ritifaa, faili iko sawa, imeandikwa kwa UTF-8, ila inasomwa kama Windows-1252 (hizo ni namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi kwenye kompyuta). Usiigeuze, iambie programu inayoingiza kwamba ni UTF-8. Ukiona alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, ni kinyume chake: faili ni ya Windows-1252 na inasomwa kama UTF-8. Hiyo ndiyo ya kugeuza:

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.txt > mpya.txt`

Kwa hati za Kiswahili kuna jambo la ziada. Word hupenda kugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, hivyo "ng'ombe" na "ng’ombe" huishi pamoja katika hati moja. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kitafutaji kikali ni maneno mawili. Chagua aina moja ya ritifaa na uitumie kote kabla ya kuingiza.

## Hatua ya 6: Ingiza kwa makundi

Kabla ya kupakia, andaa mahali pa kufikia: folda au sehemu, ruhusa za nani asome na nani ahariri, na lebo. Zima taarifa za barua pepe kwenye eneo hilo kama jukwaa linaruhusu. Kurasa mia zikitengenezwa kwa dakika tano huku taarifa zimewashwa, kila mfuatiliaji atapata ujumbe mia.

Ingiza kundi dogo, likague, ndipo liingie linalofuata. Makundi yafuate mada au idara, ili mwenye hati awe mmoja kwa kila kundi. Hati ndefu ziangalie kwa jicho la pekee. Baadhi ya majukwaa yanaweza kukata hati moja iwe kurasa nyingi kwa kufuata vichwa, na hapo utafurahi ulivyotengeneza vichwa vya kweli. Kata kwenye ngazi ya kwanza au ya pili. Ukikata chini zaidi utapata kurasa zenye sentensi mbilimbili.

Kwenye Google Docs kumbuka kwamba kupakia .docx kwenye Drive hakuigeuzi. Inabaki faili ya Word mpaka uihifadhi kama hati ya Google au uwashe ugeuzaji wakati wa kupakia. Mipaka yake ni megabaiti 50 kwa hati inayogeuzwa na herufi milioni 1.02. Faili ikiwa nzito mno, punguza picha kwanza, kwa kawaida uzito wote uko huko.

Kunakili na kubandika ni njia halali kwa hati moja au mbili fupi. Kwa zaidi ya hapo siishauri: kubandika kutoka Word huburuta msimbo wa fonti na rangi usioonekana, na kila anayebandika hufanya tofauti kidogo.

Jambo moja husahaulika mara nyingi. Historia ya hati haihami. Ukurasa mpya utabeba jina lako wewe uliyeingiza na tarehe ya leo. Kama ni sera, itifaki au hati ya kisheria, weka juu kabisa mstari unaotaja mwandishi wa asili, tarehe ya kuidhinishwa na namba ya toleo.

## Hatua ya 7: Kagua kwa hesabu, kisha kwa macho

Kwa kila hati hesabu vichwa, majedwali, picha na tanbihi, asili na mpya. Idadi zikitofautiana kuna kitu kimeanguka njiani. Kwa hati nyeti nenda mbali zaidi: toa hati mpya kutoka jukwaani kama .docx, kisha zigeuze zote mbili kuwa maandishi matupu na kuzilinganisha:

`pandoc asili.docx -t plain --wrap=none -o a.txt`
`pandoc mpya.docx -t plain --wrap=none -o b.txt`
`diff a.txt b.txt`

Kinachotokea kwenye skrini ni tofauti za maneno peke yake. Ukaguzi huu hufichua sentensi zilizopotea ambazo jicho lililochoka halizioni. Una mipaka yake, picha na mwonekano hauvigusi, kwa hiyo hati nayo isomwe na mtu anayeifahamu. Afadhali asiwe yule aliyeisafisha, kwa kuwa huyo ataona anachokitarajia. Ifungue na kwenye simu pia, maana jedwali la safu nane linaweza kutosomeka huko.

## Hatua ya 8: Viungo, halafu funga mlango wa zamani

Viungo kati ya hati na hati hurekebishwa mwisho, kwa sababu anwani mpya hazijulikani mpaka kurasa zote zimeingia. Ongeza kwenye lahajedwali yako safu ya anwani mpya, iwe ramani ya ya zamani na ya sasa. Tafuta jukwaani vipande vya anwani za kale, kama jina la seva ya zamani au `.docx`, na ubadilishe kimoja kimoja. Viungo vilivyomo kwenye barua pepe za watu huwezi kuvifikia, hivyo mfumo wa zamani ukiruhusu kuelekeza anwani, elekeza.

Mwisho, folda ya zamani ifanywe isomeke tu siku ileile kundi la mwisho linapoidhinishwa, wala usingoje wiki ijayo. Ikibaki inaharirika, mtu atarekebisha nakala ya kale kesho asubuhi, na kuanzia hapo kutakuwa na matoleo mawili ya ukweli. Weka ndani yake faili moja yenye jina linaloanza na `00-` ili ikae juu ya orodha, ikiwa na anwani ya jukwaa jipya na jina la cheo cha mtu wa kuulizwa. Nakala rudufu iendelee kuwepo kwa muda ambao sheria na kanuni za taasisi yako zinataka.